Ada ya Mja Hunena

Lugha za kompyuta, kama lugha za watu, hazihukumiwi kwa haki sikuzote. Moja husifiwa kwa kuwa watumiaji wake ni wengi. Nyingine hudharauliwa na watu ambao hawajapata kuandika kwayo hata mstari mmoja. Miongoni mwa zilizoonewa, lugha iitwayo Ada yastahili kutajwa mbele. Yasemwa kuwa ni lugha ya askari, kuwa ni nzito, kuwa ndiyo iliyoangusha roketi, na kuwa imekwisha kufa. Mashtaka hayo manne yafaa kupimwa moja moja.

Kwamba ilizaliwa na askari ni kweli. Katika miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliona kuwa mitambo yake yaendeshwa kwa mamia ya lugha mbalimbali, ikaitisha mashindano ya kupata moja. Mwaka 1979 ikateuliwa kazi ya Jean Ichbiah na wenziwe, iliyofanywa Ufaransa, nayo ikapewa jina la Ada Lovelace, bibi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1852. Lakini asili si hatia. Intaneti nayo ilianza kwa fedha za wizara hiyo hiyo, na wanaoitukana Ada kwa nasaba yake huitumia kila siku bila ya haya.

Kwamba ni nzito, shahidi aitwaye ni C. A. R. Hoare, mwanachuoni mkubwa, ambaye katika hotuba yake ya mwaka 1980 alionya kuwa lugha hiyo imejazwa mambo mengi mno, hata haifai kuaminiwa katika kazi za hatari. Washtaki husoma nusu ya ushahidi. Katika hotuba iyo hiyo alisema kuwa ikipogolewa kwa uangalifu, yaweza kupatikana ndani yake lugha yenye nguvu na ya kutegemewa. Jambo hilo limekuja kufanyika: SPARK, iliyotokea Uingereza, ni Ada iliyopogolewa hata programu yaweza kuthibitishwa kwa hoja za hesabu kabla ya kutumiwa. Tena, uzito mwingine walalamikao watu ni uangalifu tu. Mwandishi akiisha kutangaza kuwa mita ni aina moja na futi ni aina nyingine, Ada hukataa kuzijumlisha. Mvivu huona udhia. Abiria wa ndege angeona rehema.

Roketi ni Ariane 5, iliyopasuka angani tarehe 4 Juni 1996, kadiri ya sekunde 40 baada ya kuruka. Programu ya chombo chake cha kupimia mwendo iliandikwa kwa Ada, hilo halikanushiki. Walakini ilichukuliwa kutoka Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mwingine. Namba kubwa ikalazimishwa kuingia katika nafasi ndogo, mahali ambapo wahandisi wenyewe walikuwa wameamua kutoweka kinga. Lugha iligundua kosa na kulitangaza. Waliotengeneza chombo ndio walioagiza kizimike kosa litangazwapo. Kuilaumu Ada hapo ni kumpiga mlinzi aliyepiga kelele.

Na kwamba imekufa? Treni zisizo na dereva za njia ya 14 ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, zaongozwa kwa programu za lugha hiyo, na ndege za Boeing 777 zina nyingi. Kanuni zake zimefanywa upya mwaka 1995, mwaka 2012, na tena mwaka 2023. Maiti hafanyi hayo.

Lawama ya haki ni nyingine, nayo yawahusu wenyewe waliokuwa wakiitetea. Mwaka 1991 sheria ya Marekani ilianza kuilazimisha katika programu za jeshi, hali kompaila zake, yaani programu zinazofasiri maandishi kuwa amri za mashine, zilikuwa ghali. Amri ikaondolewa mwaka 1997. Kompaila ya bure ilikuwa imekwisha kutoka katika Chuo Kikuu cha New York, lakini vijana walikuwa wamekwisha kushika C na C++. Kitu kizuri kilichukiwa kwa kuwa kililetwa kwa fimbo.

Watakuwapo watakaojikinga kwa methali kuwa lisemwalo lipo. Wasomaji wa Kiswahili wanajua udhaifu wa kinga hiyo, maana lugha yao nayo imesemwa mara nyingi kuwa haifai elimu ya juu, na wengi wa waliosema hawakuijua. Mwanafunzi anayefunzwa kudharau asichokisoma amenyimwa elimu na kupewa uvumi. Naye kesho ndiye atakayeandika programu za breki za treni na mashine za hospitali. Kwa Kiswahili ada ni desturi, na wahenga walikwisha kunena: ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Wasemaji wamesema miaka mingi. Treni za Paris zingali zikienda.