Kabla ya kubonyeza tena, ujue jina la kitufe

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani,

Sisi wa Uvira na kando ya Tanganyika tunaijua sana habari ya umeme kukatika na kurudi. Kwa miaka mingi umeme wetu umetoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi: mtambo wa kwanza ni wa miaka ya 1950, na wa pili ulianza kazi mwaka 1989 kwa faida ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Umeme ukirudi, kila kitu kinaamka kwa wakati mmoja: pampu, mkanda wa kubebea mawe, kompyuta na kamera. Watu wanafurahi. Lakini saa hiyo ya furaha ndiyo saa ya hatari.

Leo tuzungumze juu ya kamera. Pengine utauliza: kamera inaweza kumuumiza nani? Fikiri kidogo. Kamera imewekwa ili mwendesha mashine aone mahali ambapo macho yake hayafiki: mdomo wa mashine ya kusagia mawe, mwisho wa mkanda, ukuta wa bwawa la matope ya mgodi. Akiona hakuna mtu, anawasha. Lakini kuna skrini ambazo kamera ikikwama hubaki zikionyesha picha ya mwisho. Picha ni ya dakika 10 zilizopita. Sasa hivi fundi ameinama pale pale, mkono wake uko kwenye magurudumu. Kamera ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa kamera, kwa sababu asiye na kamera angetuma mtu kwenda kutazama.

Kwa nini kamera inakwama baada ya kuamshwa upya? Ndani yake mna visanduku vidogo vya kuwekea namba, na mafundi wanaviita rejista. Kompyuta inaiongoza kamera kwa kuandika namba katika visanduku hivyo. Katika kamera nyingi zinazofuata mpango mmoja, kisanduku 0100 kinaianzisha kamera kutuma picha, na kisanduku 0103 kinafuta mipango yote ili kamera ianze upya. Tazama namba hizo mbili: tofauti ni tarakimu moja tu. Mtu aliyechoka, usiku wa manane, anaweza kuandika moja badala ya nyingine.

Ndiyo sababu wale wanaotunza Linux, programu inayoendesha kompyuta nyingi duniani, hawapokei programu ya kamera bila kuikagua kwanza. Kwa kawaida mkaguzi anamwuliza mwandishi: namba hii ni ya nini? Ipe jina, lile lile lililo katika kitabu cha mtengenezaji. Tena anauliza juu ya waya wa kuanzisha upya, kwa sababu katika kamera nyingi waya huo unafanya kazi kinyume: ukikosa umeme, kamera imezuiwa, ukipata umeme, kamera imeachiliwa. Asiyejua hilo ataizuia kamera akidhani anaiachilia. Mwisho anauliza: umesubiri muda gani kabla ya kusema na kamera? Kamera ya Sony iitwayo IMX219 inasubiriwa zaidi ya sehemu 6 za elfu za sekunde. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini lazima usubiriwe.

Maulizo ni hayo matatu: jina lake nani, upande upi ni kuwasha na upi ni kuzima, na tungoje muda gani. Maoni yetu ni kwamba maulizo hayo si ya waandishi wa programu peke yao. Ni ya kila mtu mwenye kidole karibu na kitufe.

Angalia yaliyotokea Marekani na Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya hospitali ya kutibu saratani kwa mionzi, jina lake Therac-25, iliwaunguza wagonjwa 6, na baadhi yao walikufa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mashine ilisimama yenyewe na kuandika "hitilafu 54". Hakuna maneno yaliyomweleza mwendeshaji kwamba namba hiyo inahusu hatari gani. Kosa za mashine hiyo zilikuwa nyingi, naye alikuwa amezoea kubonyeza herufi moja ili kazi iendelee. Akabonyeza. Mgonjwa akapigwa na mionzi mara ya pili, na baada ya miezi akafariki. Mwendeshaji hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alipewa namba isiyo na jina na kitufe kilicho rahisi mno.

Sasa geuka utazame mahali pako pa kazi. Swichi ngapi zimeandikwa P1, P2, P3 tu, au rangi imefutika kabisa? Ni nani anayejua ipi ni ya pampu na ipi ni ya mkanda? Kama ni mzee mmoja tu, siku akiugua tumebaki gizani.

Wengine watasema: mashine ikisimama, kampani inapata hasara, na kapita anahesabu dakika. Ni kweli. Lakini mashine iliyojizima imekueleza jambo. Ukiilazimisha kuamka bila kujua sababu, umemziba mdomo shahidi. Kwa hiyo tunasema wazi kwa wakubwa wa kazi pia: msimwadhibu mtu aliyesimamisha kazi ili aulize. Adhabu ya namna hiyo inafundisha vidole kubonyeza haraka.

Basi, wenzetu, shikeni haya:

1. Mashine ikijizima, usiiwashe tena kabla ya kujua sababu na kuhesabu watu wote wa zamu.

2. Aliye ndani ya mashine aweke kufuli yake kwenye swichi, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe.

3. Kila swichi iandikwe kazi yake kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: "Pampu ya maji ya chini", si P2.

4. Umeme ukirudi, tazama saa iliyo pembeni ya picha ya kamera. Kama sekunde hazitembei, picha hiyo ni maiti. Tuma mtu aende kutazama kwa macho.

5. Mama nyumbani, umeme ukikatika chomoa friji, na ukirudi ngoja dakika 5 kabla ya kuichomeka. Tena usiweke mafuta ya taa wala asidi ya betri katika chupa ya maji au ya soda. Chupa yenye jina la uongo imeua watoto wengi.

Kuandika jina juu ya swichi kunataka rangi kidogo na nusu saa ya kazi. Mwenye zamu ya kesho atalisoma, naye atarudi nyumbani akiwa na vidole vyote 10.