Giligilani: Jani na Mbegu

Akina mama wengi wafuatao vitabu vya mapishi vya Kifaransa hukuta humo neno coriandre, hununua sokoni chochote chenye jina hilo, na mchuzi huharibika. Kosa si lao. Mfaransa huita jani na mbegu kwa jina moja, na Mwingereza vivyo hivyo. Wamarekani ndio waliotenga: jani huliita cilantro, kwa neno la Kihispania, na mbegu huziita coriander. Kwa Kiswahili twasikia giligilani, kotimiri na dania, na kila mji una desturi yake. Lakini mmea ni mmoja tu.

Basi tuuangalie mmea, tuache majina. Jani bichi lina harufu kali, nayo hupotea upesi motoni. Likikaushwa, hubaki kama nyasi tu. Kwa hiyo hukatwakatwa na kutiwa chungu kikiisha kuepuliwa, au hunyunyizwa juu ya chakula mezani, kama wafanyavyo watu wa Meksiko. Mbegu ni kinyume chake: zataka moto. Zikaangwe kavu kidogo mpaka zinukie, zitwangwe, kisha zitiwe katika mafuta pamoja na vitunguu, kama wafanyavyo Wahindi. Harufu yake ni ya utamu, yakaribia ganda la chungwa. Ndizo mbegu zile ambazo kitabu cha Kutoka, sura ya 16, chafananisha nazo mana ya jangwani. Nunueni nzima, kwa maana unga wake huchakaa upesi.

Jani haliwezi kushika mahali pa mbegu, wala mbegu mahali pa jani. Kitabu kisipoeleza, tazameni ni wakati gani kiungo chatiwa: mwanzoni, pamoja na mafuta, ni mbegu; mwishoni ni jani.

Tena wapo watoto walikataao jani hilo wakisema lanuka sabuni, na wazazi huwakemea wakidhani ni kiburi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba jambo hilo latokana kwa sehemu na urithi wa damu, katika viungo vya pua vipokeavyo harufu. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe. Apakuliwe kwanza, kabla jani halijatiwa chunguni. Mbegu kwa kawaida hazimsumbui, kwa kuwa harufu yake ni nyingine kabisa.