Watoto Wanapokwenda Kuomba Sikukuu

Mvua zimeanza na watoto wetu wanahesabu siku za kufikia Krismasi. Tunajua itakavyokuwa. Baada ya ibada na wali wa nyama watakusanyika sita au saba, wamevaa nguo mpya, na kupita nyumba kwa nyumba wakisema, "Tunaomba sikukuu!" Hapa watapewa pipi, pale andazi, kwa shangazi labda soda. Ni desturi nzuri, nasi hatutaki kuizuia. Hata huko Marekani watoto huomba pipi nyumba kwa nyumba jioni ya tarehe 31 Oktoba, na wazazi wengi huongozana na wale wadogo. Sisi huwakabidhi kwa dada yao wa miaka tisa, kisha tunabaki kuosha masufuria.

Sikukuu moja tulimpokea zahanati mtoto wa kiume wa miaka saba. Mama yake alikuwa ameona kidonda mguuni siku ya nne, alipokuwa akimwogesha. Mtoto aling'atwa na mbwa kwenye boma walilokwenda kuomba pipi. Kwa nini hakusema? Kaptula yake mpya ilichanika, na asubuhi ile mama alikuwa amewaonya kwamba atakayerudi na nguo iliyoharibika atachapwa. Basi akaificha kaptula chini ya kitanda, akanyamaza. Mbwa mwenyewe, tuliambiwa, alikwisha kufa. Siku ile tuliogopa sana, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, mtoto haponi. Tulimshukuru Mungu kwamba zilikuwa bado. Alipata chanjo zake zote na akarudi shule. Mama yule tusimcheke. Nani kati yetu hajamtishia mtoto kwa ajili ya nguo?

Kwa hiyo mwaka huu tuwaambie watoto kabla hawajatoka: ukiumwa na mbwa, hata akikuparura tu, njoo useme, hutachapwa. Mama naye aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na mtoto atalia. Endelea kumwagia maji. Usipake majivu wala mafuta. Kisha mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata kama siku zimepita, nenda.

Jambo la pili ni makorongo. Sisi wa Hanang hatujasahau tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani hadi Katesh na Gendabi na kuua watu zaidi ya 80. Lakini hata mvua ya kawaida ikinyesha juu, korongo lililokuwa kavu watoto walipokwenda laweza kujaa wakati wa kurudi, huku chini jua linawaka. Wachague nyumba za upande mmoja wa korongo. Walio karibu na lami ya Babati kwenda Singida, mtu mzima awavushe. Siku hiyo madereva wengine wamekunywa.

Na nyumba zenyewe tuzitaje kwa majina: kwa bibi, kwa mwalimu, kwa mama fulani. Wapokelee mlangoni, asiingie mmoja peke yake ndani, hata kwa mtu tunayemfahamu, wala wasipokee pombe ya kienyeji, hata ya kuonja. Mtoto akisema ameguswa vibaya, tumsikilize bila kumkaripia. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Karanga na pipi ngumu wasipewe walio chini ya miaka mitano, kwa maana huwapalia.

Saa kumi na moja wawe nyumbani, kabla fisi hawajaanza kutembea. Wakifika, tuwaogeshe sisi wenyewe, tusimwachie dada. Hapo ndipo tutaiona miguu. Maji yabandikwe mapema, maana jioni za Mbulu zina baridi.