Usikate, Pima Kwanza: Stemu Mpya Kwenye Foku ya Zamani

Wasee, kabla mtu hajauliza "huyu aliacha chuo, atatufunza nini?", wacha nijibu. Ndio, niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini hii ya leo sikuitoa darasani. Niliitoa kwenye kidevu cha dadangu mdogo, na kilishonwa.

Baiskeli yenyewe ni ya mzee wetu. Ni Raleigh ya chuma, aliinunua mtumba kabla sijazaliwa, akaenda nayo lindo miaka na miaka, jioni anatoka, asubuhi anarudi. Alipostaafu akaniachia. Shida ilikuwa moja tu: usukani uko mbali. Ukiendesha nusu saa mgongo unalia kama mlango mbovu. Sasa nikapata stemu ya kisasa, ile shingo inayoshika usukani, fupi na safi kabisa, imetolewa kwa baiskeli iliyokufa. Nikajiambia, hii ni kufungua na kufunga tu.

Manze, haikuingia. Haikukaribia hata.

Sababu ni hii. Stemu ya zamani ina mguu. Mguu unaingia ndani ya paipu ya foku, na chini yake kuna kabari. Bolti ndefu ikikazwa kutoka juu, inavuta ile kabari, mguu unabana kwa ndani. Stemu ya kisasa haina mguu. Yenyewe inakumbatia paipu ya foku kwa nje, kama mkono ulioshika kikombe. Kwa foku ya zamani hakuna cha kukumbatia, kwa sababu paipu imeishia kwenye nati inayofunga beringi. Stemu za kukumbatia zilianza kuenea miaka ya 1990, na foku zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuzijua.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali. Akaangalia, akacheka, akasema, "Hiyo ni ndogo, bosi. Mia tatu tu." Akakata kichwa cha stemu ya mzee, akauacha mguu, akachomelea kipande cha paipu ya maji juu yake. Stemu mpya ikakumbatia ile paipu. Ikakaa poa. Nikapiga picha, nikapost, mkanisifu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nateremka na dadangu nyuma, nimemtoa shule. Nikashika breki. Usukani ukabaki mikononi mwangu, baiskeli ikaenda kwake. Palivunjika pale pale palipochomelewa. Mimi nilichubuka viwiko. Yeye alipata nyuzi tatu kidevuni na akapoteza kiatu.

Mzee hakunipigia kelele. Aliokota kile kichwa cha stemu kilichokatwa, nilikuwa nimekitupa kwa boksi la vyuma, akauliza, "Nani alikwambia hii imekufa?"

Nimekaa na hilo swali hadi leo. Na maoni yangu ni haya: foku ya zamani sio shida. Shida ni haraka yetu ya kukata kitu ambacho hatujakipima.

Kwa sababu suluhisho lilikuwepo, na sio siri. Inaitwa adapta ya stemu. Chini imetengenezwa kama stemu ya zamani, ina mguu na kabari. Juu ni nguzo ya duara yenye upana wa milimita 28.6, ambao ndio stemu nyingi za kisasa hukumbatia. Unaingiza mguu ndani ya foku, unakaza, halafu stemu mpya inakaa juu. Hukati, huchomelei, na siku ukitaka kurudisha ya zamani, unarudisha. Kama hujaikata, lakini.

Ila usikimbilie kununua. Pima upana wa mguu wa stemu ya zamani kwa kalipa. Baiskeli nyingi za zamani za barabara ni milimita 22.2. Baadhi ya baiskeli za mlima zenye foku nene ni 25.4. Na kuna za Kifaransa za zamani ambazo ni 22.0. Ukiona adapta ya 22.2 inakataa kuingia kwa hiyo ya 22.0, usiipige nyundo. Haijakataa kwa kiburi, haitoshei. Pima usukani pia pale katikati. Stemu nyingi mpya hushika 31.8, na usukani wa zamani huwa mwembamba, kwa hivyo utahitaji stemu ya saizi yake au ubadilishe usukani.

Ukishapata adapta, safisha ndani ya paipu na upake grisi kwa mguu, la sivyo kutu itaukamata na miaka mitano ijayo utakuwa unalia hapo. Kisha tafuta mstari uliochorwa kwenye mguu. Huo mstari lazima uzame ndani ya foku, usionekane kabisa. Wasee wengi wanainua usukani hadi mstari unatoka nje ndio wakae wima. Usifanye hivyo. Kabari ikibana juu sana, inabana sehemu yenye nyuzi za nati, na hapo paipu ni nyembamba. Inaweza kuvimba au kupasuka.

Stemu mpya ikiwa na bolti nne mbele, zikaze kidogo kidogo kwa kuvukisha, sio moja hadi mwisho halafu nyingine. Kama kipimo cha kukaza kimeandikwa kwenye stemu, kifuate. Halafu jaribu ukiwa umesimama: bana tairi ya mbele katikati ya magoti, zungusha usukani kwa nguvu. Ukizunguka peke yake, bado. Na kumbuka, beringi zinarekebishwa na ile nati ya zamani, sio na stemu mpya.

Wenye Black Mamba za breki za vyuma, nyinyi ngojeni kwanza. Hapo usukani, mikono ya breki na vile vyuma ni familia moja. Ukibadilisha stemu peke yake umeziharibu breki. Kwenu adapta pekee haitoshi.

Najua mtaniambia adapta ni bei. Ni kweli. Yangu niliinunua 1,200, mara nne ya kile nililipa kuchomelewa, na niliingoja siku tisa. Lakini hesabu yote: mia tatu za fundi, pesa za hospitali, stemu ya mzee iliyokatwa, na siku ambazo mtoto alikula uji tu. Rahisi iliishia wapi?

Na simlaumu fundi peke yake. Mimi ndiye nilisema "nataka leo." Mteja akija na mia tatu na haraka, fundi anatoa kazi ya mia tatu na haraka. Angekuwa na kalipa na mimi ningekuwa na subira, tungeongea mengine. Tukitaka mafundi wanaopima, tukubali kulipia kupima.

Tena sio lazima kila mtu abadilishe. Kama stemu yako ya zamani haina ufa na mwili wako unaipenda, iache. Kitu kuwa cha zamani sio ugonjwa. Mimi nilibadilisha kwa sababu ya mgongo, na sasa mgongo umenyamaza.

Jumapili mzee aliomba aijaribu. Akabana tairi kwa magoti, akazungusha usukani kwa nguvu zake zote, ukakataa kusonga. Akaenda hadi dukani, akarudi na mkate, akasema tu, "Iko sawa."

Dadangu bado anakataa kupanda. Simlazimishi. Yeye anapima kwanza.