Skripti usiyoisoma si yako

Wandugu, nawaandikia nyinyi wa humu kwenye grupu: wa Jabe, wa Buyenzi, na wale walio kambini Musasa na Bwagiriza.

Kila wiki mtu anatupia humu mistari kumi ya skripti: "Bandika hii kwenye seva, itatembea." Hakuna maelezo. Muda si muda vidole gumba vinajaa. Ukiuliza mstari wa nne unafanya nini, unaambiwa eti unaleta kiburi cha shule. Haya, leo acha nikilete.

Tuanze na chmod -R 777, maana humu imekuwa kama sala. Faili imekataa kufunguka? 777. Tovuti inaleta kosa? 777. Maana yake ni hii: yeyote aliye ndani ya hiyo mashini, hata kijiprogramu kilichovamiwa, anaweza kusoma, kubadilisha na kuendesha faili zako. Mara nyingi shida ni mwenye faili tu. Unatumia chown kumpa mtumiaji anayehusika, unaweka 640 kwa faili na 750 kwa folda, basi. Lakini 777 ni rahisi kukariri, si ndiyo?

Halafu kuna hii ya curl kisha bash, tena na sudo mbele. Unavuta maandishi ya mtu usiyemjua na kuyapa funguo za nyumba nzima kabla hujayaona. Mwaka 2021 wavamizi waligeuza skripti ya kampuni ya Codecov, ambayo watu walikuwa wanaivuta hivyohivyo. Kuanzia 31 Januari ikawa inachukua siri za wateja na kuzipeleka kwingine. Iligunduliwa 1 Aprili. Nani aligundua? Mteja mmoja aliyelinganisha alama ya shasum ya faili aliyoipata na ile iliyotangazwa, akaona hazifanani. Mtu mmoja mwenye hicho kiburi cha shule!

Mtasema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna seva moja ndogo ya kukodi. Ndiyo, lakini ndani yake kuna nini? Kuna orodha yetu: majina, namba za simu, namba za vitambulisho vya ukimbizi, mtu alitoka kijiji gani na kwa nini. Yaya, wewe unajua kuna watu humu waliokimbia mtu mwenye jina, si vita tu.

Na wengi wetu tuliandikisha jina la ndugu kwa Msalaba Mwekundu, tukimtafuta aliyepotea njiani toka Uvira au Fizi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zake zimevamiwa: taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao. Mlango ulikuwa programu moja iliyokuwa haijawekewa kiraka. Wale wana wataalamu na bajeti. Sisi tuna 777.

Sababu ninayoisikia sana ni mega. "Sina mega za kusoma, umeme wa Regideso umekatika, nibandike tu haraka." Hiyo naielewa, wote tunalia hapo. Ila kusoma skripti hakuli mega hata moja! Amri ya man inafanya kazi bila intaneti. Shellcheck ukishaiweka mara moja inakuonyesha makosa hata gizani, betri ikiwepo. Na set -u juu ya skripti inaisimamisha ikikuta jina lisilopewa thamani. Mnajua skripti ya Steam ya mwaka 2015? Jina la folda lilibaki tupu, rm -rf ikaanza kufuta kila kitu cha mwenye mashini. Hapo hata set -u isingeisimamisha, maana jina lilipewa thamani tupu; dawa ilikuwa kuusoma huo mstari mmoja tu.

Kwa hiyo naomba hivi. Anayetuma skripti humu aandike chini yake kila mstari unafanya nini, kwa Kiswahili, Kirundi au Kifaransa, yote sawa. Nenosiri au ufunguo ndani ya skripti, ifutwe papo hapo na ufunguo ubadilishwe, kwa sababu kufuta ujumbe hakufuti simu za waliokwisha kuuona. Na wasimamizi, ile orodha itoke kwenye seva kabla ya Jumapili, mpaka mtu aketi arekebishe ruhusa faili kwa faili. Mimi niko tayari kuketi naye, jioni yoyote ambayo umeme upo.