Shule ya Tabora: Fahari ya wachache, deni kwa walio wengi

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora pamoja na matokeo ya mitihani ya taifa. Wapo waliolalamika na wapo walioshangilia. Hata hivyo, uamuzi huo uliacha swali ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha: kama si nafasi yake katika orodha, shule ya umma ipimwe kwa kipimo gani?

Sehemu ya jibu imo katika historia ya shule kongwe ya wavulana iliyopo mjini Tabora, ambayo wengi huiita Tabora Boys.

Tabora haukuwa mji wa kubahatisha. Ulikuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na ndipo Mtemi Isike wa Unyanyembe alipopambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1893. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliuchagua mji huo kujenga shule ya serikali katika miaka ya 1920.

Lengo lao halikuwa la siri. Walitaka kuwaandaa watoto wa machifu, ili utawala wa kikoloni upate watendaji waliosoma bila kugusa ngazi za mamlaka zilizokuwapo. Shule iliendeshwa kwa kuiga shule za tabaka la juu la Uingereza: mabweni, viranja, michezo na nidhamu ya kengele. Mwanafunzi alitarajiwa kuongoza, lakini kwa niaba ya mkoloni.

Mwaka 1937 alipokelewa hapo Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akitokea shule ya Mwisenge, Musoma. Wasifu wake unaeleza kuwa aling'ara darasani na katika midahalo, na walimu wakampendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule alikataa, kwa maelezo kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno kwa kazi hiyo.

Historia ilitoa hukumu tofauti. Januari 1958 Nyerere alirejea Tabora akiwa rais wa TANU. Katika mkutano mkuu uliokuwa mkali, aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu ambao wengi waliuchukia, hatua inayokumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara. Mwaka 1963, serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu. Shule iliyojengwa ili kuimarisha uchifu ilikuwa imemlea mtu aliyeuondoa.

Funzo la kwanza ni kwamba maadili ya shule hayaamuliwi na kaulimbiu iliyochorwa ukutani. Waasisi wa Tabora walifundisha utii. Baadhi ya wanafunzi walijifunza kuhoji. Kilichowawezesha ni matarajio makubwa waliyowekewa. Kila aliyeingia aliambiwa, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba kuna jambo kubwa linalomsubiri.

Funzo la pili ni deni. Katika hotuba ya mwaka 1964, Nyerere aliwafananisha waliosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliendeleza hoja hiyo kwa kukosoa elimu iliyomtenga msomi na jamii yake.

Lakini isisahaulike kwamba fahari ya Tabora ilikuwa fahari ya wachache. Hata baada ya uhuru, sekondari ilibaki ndoto kwa watoto wengi. Hali ilianza kubadilika kwa kasi kupitia mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Idadi ya shule ilipanda kutoka takriban 1,700 mwaka 2005 hadi zaidi ya 4,200 mwaka 2010, nyingi zikiwa shule za kata. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne.

Milango ilifunguka, lakini matarajio hayakupanda pamoja nayo. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kama yalivyotangazwa awali, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Nchi ilishtuka, kisha mtoto wa shule ya kata akazoeleka kuwa mtu wa kuhurumiwa badala ya mtu wa kutarajiwa.

Ni kweli kwamba historia haiwezi kufundisha fizikia mahali pasipo na mwalimu wala maabara. Ni kweli pia kwamba si haki kuilinganisha shule ya kata na Tabora Boys, inayopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu. Serikali haiwezi kukwepa wajibu wake kwa kuwahubiria watoto uzalendo.

Hata hivyo, shule ya kata nayo ina historia, na pengine yenye heshima kuliko ya Tabora. Haikujengwa na mkoloni kwa ajili ya watoto wa machifu. Wakazi wa kata walichanga fedha, wakasomba mchanga na mawe, wakafyatua matofali ili mtoto wa yeyote akae darasani. Deni analozungumzia Nyerere linaonekana ukutani, tofali kwa tofali. Mwanafunzi anayekaa ndani ya kuta hizo bila kuelezwa nani alizisimamisha amenyimwa somo la kwanza.

Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 inaelekeza elimu ya lazima ya miaka 10, kwa maana kwamba kila mtoto atapaswa kupita sekondari. Sheria inaweza kumfikisha mtoto getini. Kumtarajia makubwa baada ya hapo, na kumpa mwalimu na vifaa vinavyolingana na matarajio hayo, ndicho kipimo ambacho hakihitaji orodha ya kumi bora.