Kava Imeweza, Lakini Kitabu Utanunua?

Mwandishi mpya wa riwaya ya mapenzi akipost kava, mtandao unawaka: emoji za moto, "hongera siz!" Na ana haki ya kufurahi. Wengi wao hulipa mchoraji na printa kutoka mfukoni.

Shida ni komenti inayofuata: "Kuna PDF?"

Manze, hapo ndipo ndoto hukufa. Tangu 2013 vitabu Kenya vinatozwa VAT ya 16%, so bei iko juu hata kabla yeye aone faida. David Maillu alijichapishia After 4.30 mwaka wa 1974, na ikavuma juu wasee walitoa doo wakanunua.

Likes hazilipi printa. Kava ikikubamba, nunua kopi. PDF ya wizi wachia wenyewe.